Nilisema Si Msichana, Sasa Wanataka Kumvua Nguo

Mpendwa Mama Kanana,

Shika hii barua na mikono miwili, mimi ni mzima lakini usingizi ndiyo imenitoroka, naomba unisaidie. Mimi ni kijana wa hapa Chaka, shule niliacha darasa la sita, lakini mambo ya mbio usiniulize mimi, uliza watu, nimechaguliwa kukimbia maili moja na timu ya wilaya, na si kujisifu, miguu kama hii Kieni yote hakuna, wamama wa soko wakiniona napita wanashika viazi zao zisipeperuke.

Sasa kuna jirani yetu, Wachuka, msichana mkubwa wa miaka ishirini, yeye pia amechaguliwa upande wa wasichana. Mwezi jana vijana wakatuchochea tushindane, kutoka kinu cha kusaga posho pale sokoni mpaka kanisani na kurudi, nikamwambia, "Dada, nitakungoja huku nikikunywa chai." Alifunga leso kiunoni, akavua viatu. Mama Kanana, sijui ilienda aje, nilitoka mbele, nikamuaga na mkono, nikasikia tu upepo, na kurudi kinuni nikamkuta ameketi juu ya gunia anakula ndizi, hata hahemi, akaniambia, "Chai yako imepoa."

Vijana walicheka mpaka mmoja anaitwa Gatimu akalala chini. Sasa mimi, na watu wote wananiangalia, ningesema nini? Nikasema, "Mnacheka bure, huyo si msichana, nani amewahi kuona msichana hivi? Kichwa amenyoa, kifua kama ubao, mimi nimekimbia na mwanaume mwenzangu!" Ilikuwa mzaha tu. Wakaanza kumcheka yeye, nikaenda nyumbani nimefurahi, na kusema kweli niliirudia kwa kinyozi, na kwa harusi moja huko Kiganjo.

Kumbe maneno ilifika kwa Bwana Ndungu, katibu wa kamati ya mbio. Juzi akaniita, mimi nikadhani ni viatu vya misumari nimeletewa. Akasema, "Kijana, umetufungua macho. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, huyo atakaguliwa kwa stoo ya uwanja. Akikataa, jina yake inatoka. Na wewe uje useme mbele ya kamati vile ulisema sokoni." Nikauliza, atakaguliwa aje? "Si atavua nguo!" Mbele ya nani? Ati wazee watatu wa kamati na daktari. Nikauliza daktari gani, kwa maana hiyo kamati haina mtu wa hospitali. Mama Kanana, ni daktari wa ng'ombe! Yule anakuja kwetu kupima ng'ombe kama iko na mimba! Nilishikwa na baridi na nilikuwa nimesimama kwa jua.

Na hiyo si mbaya zaidi. Jana Wachuka akaja kwetu macho mekundu, hajui ni mimi nilianzisha. Akaniambia, "Wewe uko na mdomo, hao wazee hawakuwezi. Hiyo Jumamosi twende na wewe uniongelee. Mama anasema niache mbio, lakini sitaki kuacha, na nguo sivui." Nikasema ndiyo. Sasa pande zote mbili zinaningoja mahali pamoja, na katibu ndiye anaandika timu, nikisema nilidanganya atanifuta, na Chaka yote itajua msichana alinishinda kabisa kabisa. Nifanye nini? Ama nijifanye mgonjwa?

Ni mimi,
Umeme wa Chaka

*

Umeme,

Barua yako nilianza kuisoma nikicheka. Nilipofika kwa daktari wa ng'ombe niliiweka chini nikatoka nje nivute pumzi. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuichapa gazetini, na usinishukuru, si wewe ninayemficha.

Kuugua usiugue. Ukijifunika blanketi Jumamosi hiyo, msichana ataingia stoo ile akigeuka nyuma kuangalia kama unakuja.

Hebu nijibu. Katika timu yenu yuko kijana hata mmoja aliyeambiwa avue suruali aonyeshe kwamba ni mwanaume? Wewe uliyeachwa mpaka mwenzako akala ndizi, mbona hukukaguliwa? Kwa hiyo msichana akishindwa ni msichana, akishinda apelekwe kwa mtu wa ng'ombe! Hakuna katibu wala kamati yenye ruhusa ya kumvua mtu nguo ndipo akimbie. Hata wakitoa wazee wakaweka akina mama, jibu langu ni lile lile. Mwili ni wake, na amekwisha sema hataki.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, nenda kwao, umwambie mbele ya mama yake kwamba maneno hayo yalitoka mdomoni mwako. Asiyasikie kwa katibu. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Usimharakishe akusamehe. Kama bado atakutaka, nendeni pamoja na mama yake kwa ofisa wa michezo wa mkoa pale Nyeri kabla ya siku hiyo, msichana aseme mwenyewe kwamba hakubali, na jina lake libaki. Wewe utasema moja tu: nilidanganya. Mimi nimemwandikia ofisa huyo jana, na sikutumia maneno matamu.

Kisha siku ya soko simama kinuni, mbele ya wale wale waliocheka, useme, "Ni msichana, na alinishinda." Usiongeze kwamba mguu ulikuwa unauma. Pitia kwa kinyozi. Fika na Kiganjo.

Unaogopa kufutwa. Huenda wakakufuta, sitakudanganya. Lakini ukiona ni vigumu kusimama mbele ya vijana wa sokoni umevaa nguo zako zote, mfikirie yeye ndani ya ile stoo.

Mama Kanana