Alama Uliyoifuta Kwenye Picha ya Idi

Kwako Seif, uliyekuwa mume wangu,

Hali yako siulizi. Nakuandikia hadharani kwa sababu umezunguka Kibiti nzima ukisema nilikuzushia kwa kompyuta.

Kompyuta ulinifundisha wewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa, kwenye studio yetu kando ya barabara, ulinikalisha mbele ya picha ya bibi harusi aliyepotea ndani ya weupe wa shela yake. Ukanieleza kwamba kontrasti ni tofauti tu kati ya penye mwanga na penye kivuli: ukiipunguza mno, picha inapooza kama iliyomwagiwa uji, ukiizidisha, nywele na buibui vinakuwa donge moja jeusi. Ulikuwa mpole siku hiyo. Nilikupenda, na kulikumbuka hilo kunanichukiza.

Kisha ikaja ile Idi. Asubuhi ulinipiga kofi kwa ajili ya chai iliyopoa. Adhuhuri ukataka tupige picha ya kumtumia mama yangu kule Mbwera. Shavu lilikuwa limevimba na chini ya jicho pamevilia damu. Tulipokwisha kupiga, nilisimama nyuma yako kwenye kompyuta nikikutazama unavyopunguza kontrasti na kuinua mwanga kwenye vivuli, mpaka alama ikalingana na ngozi. Mama aliipokea kwenye simu, akasema nimenawiri. Nikaenda kulia jikoni.

Ulipokwenda Dar kununua karatasi za picha, nikaikuta ile ya asili kwenye kompyuta, hukuwa umeifuta. Nikaongeza kontrasti kidogo kidogo. Shavu likajitenga na kivuli, vikaonekana vidole vyako vinne. Nikazihifadhi picha zote kwenye simu, nikapanda gari hadi Nyamisati, na kutoka pale boti hadi kwa mama.

Uliponifuata, mbele ya wazee wa kwetu ulidai alama ile nimeichora. Kaka yangu, ambaye hata simu yake ni ya vitufe, akauliza kama hiyo kontrasti inaweza kuweka kitu ambacho hakikuwepo. Nikajibu mimi.

"Haiwezi. Inatenganisha tu kilichopo."

Nikawaonyesha ile ya asili, ambayo haikuguswa na mtu. Alama waliiona. Mama alinirudishia simu, akakwambia, "Talaka utaiandika hapa hapa, kabla maji hayajakupwa na boti yako kukwama." Ukaiandika.

Kofi, labda ningelisamehe siku moja. Lakini ulimfanya mama aufurahie uso uliopigwa, akawaonyesha majirani. Hilo silisamehe, na usimtume mtu kuniomba.

Juzi nimepigiwa simu na mwanamke wa Mtunda. Amesema umemposa binti yake, anauliza ulikuwa mume wa namna gani. Nilimjibu kila alichouliza, bila kuongeza neno wala kupunguza. Akanishukuru, akakata simu kwa haraka.

Ijumaa wajomba wa binti watakurudishia barua yako ya posa.

Mimi,
Mtalaka wako, nikiwa Mbwera.