Wananiambia Niko Kwetu

Muganza, Jumapili

Eti niko kwetu! Maneno ya yule mzee wa biro ya bourse, ofisi ya pesa za wanafunzi pale chuoni, bado yananichoma. Hakuinua hata macho: "Pesa ya staji ni ya bale banaendaka mbali na kwabo. Weye kwenu ni Nyakabuye, karibu na kiwanda cha simenti. Ulale kwenu."

Mimi nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Nyakabuye ni kilima alikotoka babu tu. Tuliporudi Rwanda ilibidi tutaje mahali kwenye karatasi, tukataja huko.

Basi leo baada ya misa nilikwenda Nyakabuye kuomba kitanda, kesho nianze staji, mazoezi yangu ya kazi, kwenye simenti. Binamu ya papa yangu alinipokea vizuri mno. Kiti, ndizi, pombe. Nilipotamka kulala, binamu akaacha kumimina pombe.

Mke wake akauliza polepole: "Papa yako njo amekutuma? Ni juu ya shamba ya babu yako?"

Niliapa ni staji. Hakuna aliyeniamini. Kwao mtu aliyerudi kutoka ng'ambo akilala leo, kesho anapima mipaka.

Wakanifungia ndizi, wakanisindikiza wote mpaka barabarani, wakasimama pale mpaka minibasi ikaondoka nami. Heshima kabisa!

Sasa nimetandika maboksi kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanda. Akinichoka, sijui…

Bukavu nako, vita ilipoanza, majirani walitupigia kelele: "Muende kwenu!"

Kila mtu anajua kwetu ni wapi. Ni mimi tu sijui.