Sahani ya Buluu ya Mama Yako

Mjukuu wangu Lucius,

Mimi mzima, ila magoti yamestaafu. Anayeniandikia ni Dada Corinne wa kanisani, na akitia maneno yake mwenyewe nitajua tu. Huko Detroit unakula? Bamia zangu zilikubali, lakini nguruwe wa jirani yetu Otis kazivamia, na Otis mwenyewe anacheka.

Wilaya imesimika kibao cha historia makaburini kwetu, cha chuma, herufi za dhahabu. Corinne alinisomea: "Hapa wamezikwa watu weusi wasiojulikana." Nikamwuliza yule bwana aliyekuja kukizindua, "Baba, hawajulikani na nani?" Akatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Kabla ya hapo vibarua wake walisafisha. Mawe ya kaburi sisi hatukuyaweza, unajua. Tuliwawekea wafu wetu vikombe, makombe ya bahari, saa zao mbovu. Vyote wamezoa wakidhani takataka. Na ile sahani ya buluu ya mama yako, alama yake pekee, imekwenda humo humo.

Nimeweka kikaango changu pale alipolala, pasije pakapotea. Otis akaniuliza, "Bi Ozella, una hakika ndipo?" Nikamwambia, "Funga domo, kalishe nguruwe wako."

Wewe sikudanganyi, mwanangu. Sina hakika. Nimechoka kuzunguka pale peke yangu. Njoo tumtafute sote wawili, macho yangu yangali yanaona.

Bibi yako anayekupenda hadi anakasirika,
Ozella