Sokrate Ahamia Masakta

Jumamosi, 5 Julai 2003

Baba Evaline karudi kutoka Katesh na sukari kidogo na Mgiriki mmoja. Yahaya wa dukani aliifunga sukari kwa ukurasa uliochanwa kitabuni, na Mgiriki alikuwa humo — Sokrate, mtu wa zamani sana. Karatasi inasema alizunguka sokoni akiwauliza watu maswali, na eti aliwazidi wote hekima kwa kuwa alijua kwamba hajui kitu. Mume wangu kasoma, karudia. "Mama Evaline, huyu mtu tunafanana." Kuhusu kutojua kitu, sikumbishia.

Jumapili, 6 Julai

Ndani ya kanisa, mpole. Nje — balaa. Jirani kasifu fahali wake, yeye akamwuliza uzuri ni nini hasa. Jirani kaondoka bila kuaga. Nyumbani akaniuliza mimi: mke mwema ni yupi? Nikamwambia ni yule anayepika, na leo hapiki. Kala ugali wa jana, baridi. Nilifurahi sana.

Jumatano, 9 Julai

Leo wazee wa Dongobesh walileta posa ya Evaline. Pombe ya asali ikanyweka, wakakubaliana. Mzee Margwe, mkubwa wa wazee wetu, akasimama kutoa baraka. Yeye anatamka, sisi sote tunaitikia kwa sauti moja. Haikatizwi! Hata mtoto akilia anatolewa nje.

Mzee akatamka, "Nyumba hii iwe na amani." Tukaitikia. Baba Evaline akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Samahani mzee, naomba kuuliza. Amani ni nini?"

Mzee Margwe akaketi. Baraka ikikatika katikati ni heri isingeanza, hapa kwetu Masakta kila mtu anajua. Wageni wakavaa makoti yao, wakaondoka. Evaline kajifungia chumbani. Anampenda yule kijana wa Dongobesh. Nami ningeweza kumpiga baba yake kwa mwiko.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwuliza katekista Joakimu, aliyepitia seminari, mwisho wa yule Mgiriki. Kasema walimshtaki kwa maswali yake, wakamnywesha sumu. Nikampelekea mume wangu habari. Kaigeuza karatasi yake nyuma na mbele: "Hiyo itakuwa kwenye ukurasa uliofuata."

Wazee wanakuja kwetu Jumapili kumhukumu. Wakitutenga, hakuna wa kutusalimu, wa kutusaidia kuvuna, wala wa kutuzika. Na posa basi tena. Nimemsihi aombe radhi tu, bila nyongeza. Kakubali. Naogopa.

Jumapili, 13 Julai

Wazee wapo uani sasa hivi. Sisi tumeambiwa tusubiri jikoni, ndipo naandika.

Baba Evaline kaomba radhi — vizuri mno, kofia mkononi! Wakamtaka aahidi kutouliza tena mambo ya hivyo. Kaahidi. Mzee Margwe akasema basi, pombe nyingine ipikwe, wageni waitwe, baraka ianze upya. Nikamwona Evaline mlangoni akipangusa macho. Moyo wangu ukatua.

Ndipo mzee akanigeukia. "Na wewe mama, uombe radhi. Mume akipotoka, mke ndiye kamlegezea."

Mimi! Niliyemsihi, niliyemnyima chakula cha moto. Wote wakaningoja. Neno moja tu, yaishe. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema, "Mzee, kosa langu mimi ni lipi?"

Mzee akasema tutoke, washauriane.

Evaline kasimama mbele yangu. Huyo ndiye anayeniumiza. Baba yake kachuchumaa kando ya mafiga, ananivuta kitenge. "Omba radhi, Mama Evaline. Mambo mengine hayaulizwi."

Wanatuita. Nimejifunga kitenge vizuri. Radhi ninayo, iko tayari mdomoni. Ila mzee bado hajanijibu.