Ng'ombe Walioko kwa Watu

Dodoma, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Eva,

Hujambo? Baba na mama wanaendeleaje na jua hilo la Dirma? Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa kompyuta. Nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu wewe unajibu "poa" tu, halafu kimya. Konda wa basi ataiacha Katesh, dukani kwa Getruda.

Huku masta tumeingia somo la kanzidata zilizotawanywa. Taarifa zinagawanywa kwenye mashine nyingi, ili moja ikiungua usipoteze zote. Mwalimu akataka mfano. Nikasema baba yangu anafanya hivyo na ng'ombe: wengine bomani, wengine anawapa marafiki wa mbali wakae nao na kunywa maziwa, ili ugonjwa ukiingia kwetu usiwamalize wote. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Na nani anajua walipo?" Nikasema baba. "Baba peke yake?" Nikakaa chini.

Tangu siku hiyo sina raha. Ramani ya kuonyesha zilipo taarifa ikiwa kwenye mashine moja, mashine hiyo ikifa, zile nyingine zipo lakini huzipati. Muulize baba, Eva. Mimi nikimgusia hayo hukata simu.

Kaka yako,
Yonas

Dirma, 16 Machi 2025

Shikamoo kaka,

Mama anakusalimu. Mimi sijambo, kwa kusema tu.

Ya baba uliyasikia kwenye simu: alianguka, akalazwa, amerudi. Mkono na mguu wa kulia havimsikii, na ulimi hausogei kabisa. Anatutazama tu. Yapo ambayo hukuyasikia, na mimi kwa mdomo siwezi kuyasema.

Nilimuuliza.

Nilifanya mazoezi kwanza, nikiwauliza mbuzi. Jioni nikamkuta anachonga fimbo, nikaangalia miguu yake, nikauliza ng'ombe wetu wa nje wako kwa nani na nani. Kisu kikasimama. Akasema, "Mtu akiulizwa ng'ombe wake walipo, ameshachimbiwa kaburi. Nani amekufa hapa?" Kisha akacheka, akaomba maji. Asubuhi akachukua fimbo akaondoka, hakuaga. Alikaa huko alikokwenda siku nyingi, mpaka nikaona amenikimbia. Akarudi na vumbi mpaka magotini, akaniuliza habari za mbuzi, hakuna kingine. Halafu ndiyo akaanguka, pale pale mlangoni mwa zizi.

Shangazi Monica alipokuja kumwona, alisema mbele ya wote kwamba kuna mtu ametaja ng'ombe wa mzee huyu, ndiyo maana ameanguka. Mama akasema hakuna. Mimi nilikuwa namimina chai. Kikombe kikajaa, kikafurika, na mimi bado namimina.

Kaka, ni mimi, na hawajui.

Ng'ombe wa nyumbani karibu wote wamekwenda na hospitali. Baba mdogo Nicodemo anasema wale wa nje tuwahesabu wamepotea, maana huwezi kwenda boma kwa boma kuuliza kama wana mali yako. Mwenye tamaa atasema hana. Mama analala ameketi. 

Mdogo wako,
Eva

Dodoma, 23 Machi 2025

Mdogo wangu Eva,

Sijui nikusalimieje. Barua yako niliisoma nimesimama stendi, na basi nililokuwa nalisubiri likajaa likaondoka naliangalia.

Swali lilikuwa langu. Wewe ulilibeba tu. Kama lina dhambi, ni yangu.

Nimeandika barua ya kuacha masomo. Iko mfukoni, bado sijaipeleka ofisini. Nije nitembee Hanang yote mpaka Mbulu, nibishe hodi kila boma, wakinifukuza wanifukuze. Nasoma jinsi ya kutafuta kitu ndani ya mamilioni ya vitu kwa kufumba na kufumbua, na ng'ombe wa baba yangu siwezi kuwapata. Usimwambie mama. Nijibu kabla sijaipeleka.

Kaka yako,
Yonas

Dirma, 13 Aprili 2025

Shikamoo kaka,

Baba amekula uji vizuri leo. Sisi wazima. Usiipeleke hiyo barua. Mwandiko umeharibika kwa haraka, soma hivyo hivyo.

Alikuja mzee mmoja wa Masakta, Mwiraqw, si wa kabila letu, mkulima, anaitwa Hhando. Hatujawahi kumwona. Akamsalimia baba, akavuta kigoda akakaa kando yake, halafu akauliza, "Eva ni yupi?" Nikajificha jikoni. Mama akanitoa kwa mkono.

Akasema anaye ng'ombe wetu mwekundu, pembe moja imeinama, amezaa jike, na huyo jike naye ana ndama. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwa nini ananiambia mimi.

"Baba yako alipita kwangu mwezi wa pili," akasema. "Akaniambia, binti yangu ameuliza. Siku ukisikia nimenyamaza, nenda kamwambie yeye."

Kaka, niliketi chini pale pale mlangoni mwa jiko, kwenye majivu. Kumbe lile vumbi la magotini alilipata huko.

Wakaja wengine. Mjane mmoja aitwaye mama Letisia, na mzee ambaye shangazi Monica alidhani ni adui yetu. Kila mmoja anauliza Eva ni yupi, anataja rangi ya ng'ombe, mama yake na ndama wake, anakunywa chai, anaondoka. Jana, wa mwisho, akaingia baba mdogo Nicodemo. Huyu huyu. Alisifia chai isiyo na sukari, akasifia kigoda, akakohoa, kisha akasema, akitazama mlango, kwamba na yeye anaye mmoja. Mama alicheka mpaka akalia. Ndipo nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeuliza. Akafuta macho, akanituma nikafunge ndama.

Usiku niliinama sikioni kwa baba nikamtajia ng'ombe wote na walipo, kwa lugha yetu. Aliushika mkono wangu kwa mkono wake mzima, wa kushoto. Nilipomaliza hakuniachia. Nikadhani nimesahau mmoja, nikaanza upya. Nikamaliza, hakuniachia. Nikataja mara nyingine, hakuna niliyemsahau, na bado alikuwa ameshika.

Hapa kwenye karatasi siwaandiki. Maliza mtihani, uje likizo nikuambie kwa mdomo. Mama tayari nimemtajia wote walipo.

Mdogo wako,
Eva