Bawa Lisilo na Mkia

Fundi,

Barua hufunguliwa kwa kuulizana hali. Yako naijua, nilishika kamba ya upande wa kichwa tulipokushusha. Yangu ni hii: mikono inatetemeka tangu jana asubuhi, kwa hiyo vumilia mwandiko. Hata nikiwa mzima ulikuwa ukisema naandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Nyumbani wapo. Mama Bura, mjane wako, anakula kidogo, anafagia sana. Hapa Karatu haipiti siku bila mtu kusimama nje ya ua na redio kwapani, auulize mlango, "Fundi yupo?" Kisha anakumbuka. Kisha ananiangalia mimi, mwanafunzi wako, kama mtu aliyepewa kiporo. Natengeneza. Nyingine zinaimba, nyingine nasema spea hakuna, na kwa miaka hii hakuna anayeweza kuniita mwongo kwa hilo.

Lakini nimeketi kukuandikia habari za lile bawa.

Nakumbuka siku lilipokuja. Yule Mzungu aliyekuwa akichunguza fisi kule Kreta, kwenye bonde la wanyama pori, uliyemfufulia redio ya gari, alikuachia sanduku la karatasi ngumu alipofunga mizigo kurudi kwao. Juu yake pana picha ya ndege asiye na kiwiliwili wala mkia. Bawa tupu. Ndani mna vipande viwili vya povu jeupe gumu, vijiti, vimota viwili vidogo kama viberiti vya kugeuza vibamba vya nyuma, na kile kisanduku chenye antena ndefu, ambacho mtu anakishika akiwa chini kuliongoza bawa likiwa juu. Injini halina, linaishi kwa upepo.

Uliniuliza, "Paskali, kitu kisicho na mkia kinajuaje kilikotoka?"

Nikasema maelekezo yote ni Kijerumani.

"Basi tutazame picha. Picha hazina kabila."

Na picha hazikutuambia habari ya gundi. Sisi watu wa redio na baiskeli tunajua gundi moja, solusheni ya kuzibia tyubu. Imeshika viatu, imeshika redio, imeshika hata jino la katekista. Nikalipaka bawa la kushoto vizuri, kwa upendo kabisa, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, povu lilikuwa limeliwa kama sukari kwenye kikombe. Pale penye bawa palibaki ute. Uliugusa kwa kidole, nami nikatamani unipige yaishe. Mwisho ukasema, "Solusheni nayo ilikuwa na njaa."

Hukulitaja tena. Wiki iliyofuata ulirudi kutoka zahanati na maboksi mawili yaliyovunjika, yale ya povu wanayosafirishia chanjo. Ukanyoosha waya wa pasi ya umeme iliyokufa, ukautia moto kwa betri ya gari, nao ukakata povu kama kisu kwenye samli. Bawa la kushoto ukalichonga upya kwa kulipima na la kulia, na safari hii tukabandika kwa gundi nyeupe ya maseremala. Kwa hiyo upande mmoja ulitoka Ulaya na upande mmoja ulitoka zahanati, na ukiangalia kwa karibu bado unasoma, kwa herufi za bluu, WEKA MAHALI PA BARIDI.

Kisha kifua chako kikaanza.

Sitaandika kifua chako. Nitaandika siku ile uliyoniambia nikuletee bawa kitandani. Ulilipandisha juu ya vidole viwili, kimoja kila upande, ukawa unaangalia linainamia wapi. Linainama nyuma. "Ongeza risasi ya kulehemu puani." Nikaongeza. "Kidogo tena." Nikaongeza. Likatulia juu ya vidole vyako, halikwenda mbele wala nyuma, na vidole vilikuwa vyembamba, Fundi, na havikutetemeka hata kidogo. Ukasema, "Hapo. Weka alama hapo." Alama ya penseli ipo. Ukasema tena, "Lipeleke Mbulumbulu, pale ukingoni, upepo unapopanda. Usiniache nife mimi na lenyewe life sandukuni." Nikaahidi. Mtu aliye kitandani huahidiwa chochote. Sikujua nimeahidi nini.

Maana ulipoondoka tu, msako ukaja.

Nadhani huko hamsikii. Wanatafuta wahujumu uchumi. Watu wametupa sabuni mtoni hadi mto ukatoa povu. Mwenye duka mmoja amezika sukari shambani na sisimizi wamemshtaki kabla ya serikali. Ukikutwa na kitu cha kigeni huna risiti, unaeleza mbele ya meza. Nami nilikuwa na nini? Chombo cha kigeni kinachoruka, na mtambo wenye antena. Tangu vita ya Amini tumefundishwa kuripoti lolote lipitalo angani bila kupiga hodi. Nilijisikia nikijieleza: Ndugu Mwenyekiti, nilipewa na mtu wa fisi. Hata mimi nisingeniamini.

Nilikificha kisanduku darini, ndani ya mahindi, na bawa nikaliegemeza nyuma ya kabati lako. Nikaanza kuishi kama panya. Mbwa akibweka, nazima taa. Gari likipunguza mwendo barabarani, nakwenda chooni. Mama Bura alinitazama siku mbili tatu, akasema, "Wewe umeiba au umependa?" Nikaomba chumvi. Asiyejua haulizwi.

Walifika kwetu wiki ya tatu. Wanamgambo wanne wenye marungu, na mbele yao Balozi Hhawu, balozi wetu wa nyumba kumi, na daftari lake. Niliwaona kupitia ufa wa dirisha. Fundi, nilikaa chini sakafuni pale pale, mgongo kwenye kabati, bawa lako likinigusa shingoni. Nikamsikia Balozi akisimama langoni.

"Humu hapana. Wana metimani."

Unajua mwenyewe. Nyumba ikifiwa, inajitenga hadi ioshwe, ndiyo metimani. Moto wetu haukuchukuliwa na jirani, maziwa yetu hayakunywewa, hakuna aliyevuka kizingiti. Katekista anahubiri kwamba mambo hayo yalikwisha na babu zetu, lakini yeye mwenyewe alituombea akiwa amesimama ng'ambo ya ua, kwa sauti ya juu. Wale vijana walirudi nyuma hatua tatu, nikazihesabu kwa vishindo. Mmoja akasema, "Tuandike nini?" Balozi akasema, "Andika msiba."

Wakapita. Nikabaki pale chini hadi Mama Bura aliponimwagia mtama kichwani kwa bahati mbaya, au kwa makusudi.

Ndipo nikaelewa kwamba kifo chako ndicho kilichokuwa paa langu, na paa hilo lina siku zake. Metimani inaisha, watu wanaingia, na msako hurudi. Zilibaki njia mbili: nilichome usiku mmoja jikoni, au nilirushe haraka. Mara mbili nilikaa na kiberiti mkononi. Mara zote mbili niligeuza bawa nikaona alama yako ya penseli.

Tatizo lilikuwa betri. Madukani hakuna, na kama zipo zimezikwa na sukari. Nikakusanya kuukuu kutoka kwenye redio za wateja (watasamehe, nyingi zilikuwa zimekufa hata hivyo), nikazianika juu ya bati siku tatu, kama tunavyofanya wote. Wewe ulinifundisha kwamba betri ya kuanikwa husikiliza taarifa ya habari lakini haifiki kwenye michezo. Nilikumbuka maneno hayo. Nilichosahau ni kujiuliza bawa litakuwa wapi habari zitakapokwisha.

Juzi tulimaliza metimani. Jana kabla ya jua nililifunga bawa kwenye blanketi lako, nikaliweka mgongoni, nikashika njia ya Mbulumbulu. Kila niliyekutana naye aliuliza nimebeba nini. Nikasema, "Kioo." Hakuna anayetaka kumgonga mtu aliyebeba kioo, walinipisha kama bibi harusi. Mmoja tu, mama mwenye kuni, alisema, "Kioo kikubwa hivyo, na sura yenyewe ndiyo hiyo?"

Ngano ya kule imeiva. Nilipita pembeni ya mashamba hadi pale dunia inapokatika. Hukuwahi kunifikisha pale, na sasa najua kwa nini ulipataja kwa sauti ndogo. Ardhi inaanguka moja kwa moja, na chini kabisa bonde limelala kama ngozi iliyotandazwa. Upepo hauji usoni, unapanda kutoka miguuni. Kofia yangu iliondoka kuelekea juu. Kofia, Fundi, juu.

Nikachomoa antena. Nikasukuma kijiti kushoto, nikaangalia vibamba viwili vya nyuma vinavyokwenda. Kulia. Juu. Chini. Kisha nikarudia yote, maana sikuamini macho yangu. Kisha nikafanya ulichonifundisha kabla ya kuwasha redio ya mtu yeyote: "Usiwashe kabla hujanusa." Nikainamisha pua nikanusa. Hakuna kilichoungua. Palikuwa na harufu ya gundi ya seremala, ya mahindi ya darini, na ya blanketi. Ile ya blanketi ilinichelewesha kidogo.

Nikalitupa.

Lilizama. Lilishuka chini ya ukingo nisilione, na nilisikia sauti ikitoka kinywani mwangu ambayo si ya mtu mzima. Kisha likapanda. Lilipanda polepole, mbele ya uso wangu, kama mtu anayetoka kisimani kwa ngazi, nikasoma WEKA MAHALI PA BARIDI likipita. Nikasukuma kushoto, likaenda kushoto. Ndege waliokuwa wanakula ngano, wale wadogo wadogo wasiohesabika, waliona kivuli wakalala chini shamba zima kama mtu amewazima kwa swichi.

Nami sikufurahi. Nakwambia kweli, maana wewe huwezi kunicheka mbele za watu. Niliogopa mfululizo. Niliogopa likiwa karibu, niliogopa likiwa mbali. Na hapo, nyuma yangu, mtu akakohoa.

Nikageuka nusu. Balozi Hhawu, amenifuata hadi huku. Koti, fimbo, daftari.

Vidole vilikufa kwenye vijiti. Bawa likaanza kuinama. Akasema, bila kupandisha sauti, "Usiniangalie mimi. Angalia kitu chako."

Nikaangalia. Nikalinyoosha. Kisha nikasukuma kulia na halikuja. Nikasukuma tena, likaja kwa kuchelewa, kama mzee anayeitwa akiwa usingizini. Betri. Taarifa ya habari inaisha. Nilifikiri: likipitiliza linakwenda bondeni na ahadi yako, likirudi linarudi mbele ya Balozi na ushahidi wote. Sikuwa na muda wa kuchagua vizuri. Nililigeuza kuelekea shambani likiwa bado linanisikia, nikaachia vijiti, likaingia kwenye ngano kwa pua. Kimya. Ndege mmoja mmoja wakaanza kuinuka.

Balozi ndiye aliyelifikia kwanza. Pua imevunjika, mabawa mazima. Akaligeuza huku na huku.

"Hili ndilo?"

"Ndilo nini, Balozi?"

"Aliloniambia marehemu. Alikuja kwangu kabla hajalala kitandani moja kwa moja. Akasema, Hhawu, ukiona kitu angani kisicho na mkia, usipige filimbi."

Fundi. Ulimwambia Balozi.

Nikamuuliza, metimani je? Akanitazama kama mtoto. "Ilikuwa kweli. Lakini ndugu wa marehemu walitaka nyumba ioshwe baada ya wiki mbili tu. Mimi ndiye niliyemwambia Mama Bura angoje hadi wale vijana wahamie kata nyingine."

Kwa hiyo na yeye alijua! Anafagia na anajua! Nikamwambia Balozi kwamba nimekonda, nimekwenda chooni mara zisizohesabika, na marehemu hakunitamkia neno. Akacheka kidogo, akafuta pua ya bawa kwa kiganja.

"Nilimuuliza hilo. Akasema, Paskali akijua kuna anayejua, atalegea. Muache aogope. Akiogopa anakagua mara mbili."

Sijui nikushukuru au nije nikufukue.

Lakini sikia sehemu iliyobaki. Balozi alisema, "Mimi najua, ofisi haijui. Siku nyingine sina msiba wa kuwaandikia." Akatazama ngano, ndege walikuwa wamekwisha kurudi kula. "Uliwaona walivyolala? Kila mkulima hapa anapiga madebe ya bati tangu alfajiri. Njoo Jumatatu ofisini, tukaliandikishe kuwa chombo cha kufukuzia ndege. Wakikubali, umepona. Wakikataa, nami nitakuwa nimesimama hapo hapo na daftari langu, na sipendi kusema zaidi." Nikaona fimbo yake inatikisika. Naye anaogopa. Ilinisaidia kidogo, kidogo sana.

Kwa hiyo lala, Fundi. Pua nimekwisha kuibandika, kwa gundi nyeupe. Solusheni nimeifungia kabatini na ufunguo nimempa Mama Bura. Jumatatu nitalibeba mchana, bila blanketi, na akiuliza mtu sitasema ni kioo. Naogopa hadi meno yanauma. Nitakagua karatasi zangu mara mbili, nitazinusa, ndipo nitapiga hodi.

Ni mimi,
Paskali, aliyelisha solusheni