Jina Uliloniuliza, Kaka Leander

Los Angeles
Jumapili, 9 Machi

Kaka yangu Leander,

Pokea salamu zangu, na natumaini zitakukuta kile kikohozi kimekwisha. Mimi mwili ni mzima. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie kitambaa alichonishonea nimekitandika mezani, na kwamba bamia za huku bado si bamia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema wateja wa saluni yako hapo Baton Rouge wanakutania kwamba dada yako katengeneza filamu saba, na katika zote yumo mama mnene anayemkimbiza mtu na mwiko. Nilicheka, kisha nikaona uchungu, maana ni kweli. Filamu za harusi nimepewa, za misiba nimepewa, za Krismasi nimepewa mara mbili. Nikiwapelekea wenye kampuni za filamu hadithi ya safari za angani wananisifu, wananiletea maji ya kunywa, halafu wananiuliza kama sina kitu cha kuchekesha. Waongozaji weusi tuna chumba chetu katika nyumba hii. Si chumba kibaya, ila mlango wake unafungwa kwa nje.

Ukaniandikia niache kuzungukazunguka, nikutajie jina la huyo anayetufungia, umjue. Nimechelewa kukujibu, na sababu nakueleza.

Mwezi Januari kampuni moja ilinikalisha na Wazungu wawili tumchague mwongozaji wa filamu ya chombo kinachopotea huko kwenye nyota. Walikuwa wamebaki watu wawili. Mmoja ni Mzungu aliyewahi kutengeneza filamu moja tu, ya mke na mume wanaogombana jikoni. Wa pili ni Roscoe Pettiway, mtu wetu, rika lako, miaka ishirini kwenye vichekesho. Wenzangu kila mmoja alikuwa na wake, kwa hiyo kura yangu ndiyo ingekata.

Roscoe alikuja na suti ya kanisani. Alikuwa amechora kila onyesho kwa mkono, na kutoka kwenye boksi la viatu akatoa chombo alichokiunda kwa vipande vya feni mbovu. Kaka, ungekiona. Kilifanana na kile tulichounda mimi na wewe utotoni pale barazani, ambacho Mama alikifagia akidhani ni takataka. Akaisimulia filamu nzima bila kutazama karatasi, hadi mwili ukanisisimka. Nilijua kazi ni yake.

Halafu nikaogopa. Yule Mzungu akiboronga, watasema kaboronga yeye. Roscoe akiboronga, watasema weusi walijaribiwa wakashindwa, tena aliyemleta ni mimi, Verlene. Na mimi nina hadithi yangu ya angani inayosubiri kwenye meza zao. Basi nikamwambia Roscoe, kwa sauti tamu kabisa, kwamba kazi yake ni nzuri mno, lakini je, amewahi kuongoza filamu yenye vyombo vya angani? Tena nikamuuliza kama hana kitu cha kuchekesha.

Akakirudisha chombo chake kwenye boksi taratibu. Akasema, "Dada, hayo maneno nimeshayazoea. Sijazoea tu kuyasikia kwa sauti ya nyumbani." Akatushukuru wote, akatoka. Nikampigia kura yule mwingine.

Wenzangu walinisifu kwa busara. Filamu inaanza kurekodiwa Jumatatu ijayo. Nimempigia Roscoe simu mara nne hapokei, na simlaumu. Ninaona aibu, Leander, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Mama usimfiche, msomee yote. Mbusu kwa niaba yangu, wasalimie wanao, na wateja wako waambie mama wa mwiko anawasalimu. Ukinikasirikia nitaelewa, ila usikae muda mrefu bila kuniandikia.

Ulitaka jina la anayeufunga mlango. Nimekuandikia moja hapa chini, kwa mkono wangu.

Dada yako akupendaye,

Verlene Mae Thibodaux